Karatasi na Sauti: Uhakiki wa Urithi wa Randy California, Mwanamuziki wa Roki Aliyepotelea Baharini

Ikisiri

Makala haya yanahakiki urithi wa Randy California (1951–1997), mpiga gitaa wa kundi la roki la Spirit la Marekani, aliyechukuliwa na bahari katika kisiwa cha Molokai, Hawaii, na ambaye mwili wake haukupatikana. Yanachunguza vitu viwili vilivyobaki kumsemea baada ya kutoweka: simulizi ya kifo chake, na ukurasa mmoja wa nota uliowasilishwa katika Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani mwaka 1967. Hoja ya msingi ni kwamba vyote viwili vimemwacha nje mtunzi mwenyewe, kwa kuwa hakuna hata kimoja kilichobeba sauti yake. Kwa kutumia dhana ya bahari katika ushairi wa Kiswahili, makala yanaonesha kwamba mahakama ilikuwa na sababu ya kukataa umiliki wa umbo la pamoja, lakini sheria iliyoiongoza ilikosea kuizuia kazi isisikike. Mwishoni yanatolewa mapendekezo kwa watunga sera wa ukanda wetu.

1.0 Utangulizi

Tarehe 2 Januari 1997, mwanamuziki Randy California alikuwa akiogelea na mwanawe wa miaka 12 katika pwani ya Molokai. Mkondo wenye nguvu uvutao watu kuelekea kilindini ulimkamata kijana. Baba alimsukuma hadi akaokoka, kisha yeye mwenyewe akashindwa kurudi nchi kavu. Alikuwa na umri wa miaka 45. Bahari haikuurudisha mwili wake.

Miaka 17 baadaye, mwaka 2014, jina lake liliingia mahakamani. Msimamizi wa dhamana iliyoanzishwa na mama yake baada ya kifo chake alilishtaki kundi la Led Zeppelin la Uingereza. Alidai kwamba mwanzo wa wimbo wao mashuhuri, “Stairway to Heaven” wa mwaka 1971, ulichukuliwa kutoka katika kipande cha California kiitwacho “Taurus”. Shauri hilo lilichukua miaka sita, likapita katika ngazi zote za mahakama za shirikisho, na likabadilisha namna mahakama za magharibi mwa Marekani zinavyopima madai ya wizi wa tungo.

Msomaji wa mijadala ya Kiswahili anaweza kuuliza shauri la wapiga gitaa wa California na London linatuhusu nini. Linatuhusu kwa sababu swali lililoamuliwa pale ni swali letu la kila siku: je, tungo ni ile iliyoandikwa au ni ile iliyosikika? Na mtunzi asipokuwapo tena kuijibia, kati ya karatasi na sauti ni ipi inayopewa nafasi ya kusema? Wataalamu wa fasihi simulizi tumelijadili swali hili kwa miaka mingi kama suala la nadharia. Katika kisa hiki tunaliona likiamua haki ya mtu.

2.0 Mtunzi na Kazi Yake

Randy Craig Wolfe alizaliwa Los Angeles mwaka 1951. Mjomba wake, Ed Pearl, alikuwa mwanzilishi wa Ash Grove, ukumbi wa muziki wa kiasili uliofunguliwa mjini humo mwaka 1958. Hapo kijana huyu alipata fursa ambayo shule isingempa: kukaa karibu na mabingwa wa bluzi na kuitazama mikono yao ikifanya kazi. Kwa istilahi zetu, alijifunza kwa kuketi miguuni mwa manju, si kwa kusoma nota.

Mwaka 1966, akiwa na miaka 15, alikuwa New York, akapiga gitaa katika kundi la Jimi Hendrix kwenye mkahawa wa Cafe Wha? Kundini walikuwamo wakina Randy wawili, na Hendrix akawatofautisha kwa majimbo walikotoka. Mmoja akawa Randy Texas, na mwingine akawa Randy California. Hendrix alipokwenda London baadaye mwaka huo, kijana alibaki, kwa kuwa wazazi hawakumruhusu kuacha masomo. Lakabu aliyopewa kwa mdomo ndiyo iliyodumu, na jina lililoandikwa katika cheti chake likabaki kwenye nyaraka za kisheria. Mpasuko kati ya jina la mdomoni na jina la karatasini ulimwandama hata baada ya kufa.

Spirit iliundwa Los Angeles mwaka 1967. Mpiga ngoma wake, Ed Cassidy, alikuwa baba wa kambo wa California. Alizaliwa mwaka 1923 na tayari alikuwa amepiga jazi kwa miaka mingi. Mchanganyiko huo wa vizazi viwili ndani ya kundi moja ndio uliolipa kundi sifa yake: mapigo ya jazi chini, gitaa la umeme lenye sauti ndefu zinazoning’inia juu, na maneno yanayoimbwa bila kupiga kelele. Albamu ya kwanza ilitoka mwaka 1968, na ile inayohesabiwa kuwa kilele chao, “Twelve Dreams of Dr. Sardonicus”, mwaka 1970.

“Taurus” kimo katika albamu ya kwanza. Ni kipande kifupi kisichofika dakika tatu, na hakina maneno. Hufunguliwa kwa wingu la sauti zisizo na mapigo dhahiri, kisha gitaa linaingia likidonolewa uzi mmoja mmoja, huku sauti ya chini ikishuka nusu toni kwa nusu toni. Hakipandi kuelekea kilele chochote. Kinazunguka pale pale, kinatafakari, kisha kinakwisha. Mhakiki anayekisikiliza peke yake, bila kukiwazia kile kilichokuja baadaye, ataona kuwa thamani yake imo katika kukataa huko kupanda. Ni kipande cha kungoja.

3.0 Simulizi ya Kifo kama Kikwazo cha Uhakiki

Mtu akifa kifo cha namna ile, kifo chake huanza kuzisoma kazi zake. Maandishi mengi juu ya California hufuata njia moja. Huanza na baharini Molokai, kisha hurudi nyuma kutafuta dalili. Wimbo “Nature’s Way” wa mwaka 1970 ndio unaoathirika zaidi. Ni wimbo wa onyo juu ya mwanadamu na maumbile, wa wakati ambapo Wamarekani wengi walianza kuhofia uharibifu wa mazingira. Baada ya mwaka 1997 umefanywa utabiri, kana kwamba kijana wa miaka 19 alikuwa akijiagua mwenyewe.

Usomaji huu una kasoro mbili. Ya kwanza ni ya kimantiki: kati ya wimbo na kifo kuna zaidi ya robo karne, na katika muda huo mtunzi alitoa kazi nyingine nyingi zisizotajwa kwa sababu haziingii katika hadithi. Ya pili ni ya kimaadili. Kumfanya mtu kuwa mtabiri wa kifo chake ni kukiondolea kitendo chake uzito. California hakufa kwa kuwa maumbile yalimwita. Alikufa kwa kuwa mtoto wake alikuwa akizama naye akaamua kumfuata. Huo ni uamuzi wa dakika chache, wa baba yeyote, na hauhitaji kuagizwa na wimbo.

Tuna mfano wetu wa kuulinganisha. Utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, husomwa kama wasia wa mama mgonjwa kwa binti yake, na ni halali kuusoma hivyo, maana ugonjwa umetajwa ndani ya utenzi wenyewe. Mshairi ndiye aliyekileta kifo katika matini. Kwa California, walioleta kifo katika matini ni wasomaji. Mhakiki anapaswa kuuona mpaka huo na kuuheshimu, la sivyo bahari humchukua mtunzi mara ya pili.

4.0 Ukurasa Mmoja Mbele ya Mahakama

Ikiwa simulizi ilimwongezea mtunzi mambo asiyoyasema, sheria ilimpunguzia yale aliyoyasema. Ili kuelewa jinsi ilivyotokea, inabidi kueleza utaratibu wa sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1909, ambayo ndiyo iliyokuwa ikitumika “Taurus” kilipotungwa. Chini ya sheria hiyo, tungo ya muziki ambayo haijachapishwa ilipata ulinzi kwa kusajiliwa pamoja na nakala yake kuwekwa katika Ofisi ya Hakimiliki. Rekodi ya sauti haikukubaliwa kuwa nakala ya aina hiyo. Ilibidi iwe karatasi ya nota. Hali ilibadilika kwa sheria ya mwaka 1976, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1978, lakini mabadiliko hayo hayakurudi nyuma kuzifikia tungo zilizokwisha kusajiliwa.

Desemba 1967, kampuni iliyosimamia tungo za California ilikiandikisha “Taurus” na kuambatisha ukurasa mmoja wa nota. Katika makala haya tutauita nakala ya amana. Utaratibu wenyewe ulikuwa wa kawaida: mtunzi anapiga, mwandishi wa nota anaandika mistari ya msingi, karatasi inapelekwa ofisini, na kila mmoja anaendelea na shughuli zake. Hakuna aliyeudhani ukurasa ule kuwa ndio kazi yenyewe. Ulikuwa stakabadhi.

Shauri liliposikilizwa Los Angeles mwaka 2016, stakabadhi ile ndiyo iliyogeuka kuwa kazi. Mahakama iliamua kwamba, kwa mujibu wa sheria ya 1909, upeo wa haki ya mtunzi ni kile kilichomo katika nakala ya amana tu. Kwa hiyo juri, yaani jopo la raia wanaoamua ukweli wa shauri, halikuruhusiwa kukisikia “Taurus” kama kilivyorekodiwa na Spirit kwa madhumuni ya kulinganisha. Walisikilizishwa nota za ukurasa ule zikipigwa na wataalamu. Tukio moja linaonesha hali hiyo kwa uwazi mkubwa. Jimmy Page, mpiga gitaa wa Led Zeppelin, alisikilizishwa rekodi halisi wakati juri limetolewa nje, kisha juri likarudishwa kumsikia akihojiwa juu ya alichokisikia. Walioitwa kuamua walikuwa ndio pekee wasioruhusiwa kusikia.

Juri lilikubali kwamba dhamana ndiyo mmiliki wa tungo, na kwamba Led Zeppelin walikuwa na fursa ya kuifahamu. Makundi haya mawili yaliwahi kupangwa katika onesho moja huko Denver mnamo Desemba 1968. Hata hivyo, juri liliamua kuwa hakuna mfanano wa kutosha kati ya nakala ya amana na “Stairway to Heaven”. Mwaka 2018 majaji watatu wa rufaa waliamuru shauri lianze upya. Tarehe 9 Machi 2020 jopo kubwa la majaji 11 lilitengua amri hiyo na kuuthibitisha uamuzi wa juri. Jopo hilo pia lilifuta kanuni ya zamani iliyosema kwamba kadiri mshtakiwa alivyokuwa na fursa kubwa ya kuifahamu kazi, ndivyo mfanano unaohitajika unavyopungua. Oktoba 2020 Mahakama ya Juu ilikataa kulisikiliza shauri, nalo likafungwa.

5.0 Bahari ni ya Wote, Utenzi ni wa Mtu

Je, uamuzi ulikuwa wa haki? Jibu la mhakiki haliwezi kuwa ndiyo au hapana kwa neno moja, na hapa ushairi wa Kiswahili unatupatia chombo bora kuliko vile vilivyotumika mahakamani.

Utetezi wa Led Zeppelin ulisimama juu ya hoja kwamba sauti ya chini inayoshuka nusu toni kwa nusu toni ni mali ya wote. Imetumika kwa karne kadhaa katika muziki wa Ulaya, na hata wimbo wa filamu ya watoto “Mary Poppins” ya mwaka 1964 ulitajwa mahakamani kama mfano. Hoja hii ni ya kweli. Kwa Kiswahili tungesema kwamba mshuko ule ni bahari. Utenzi una ubeti wa vipande vinne, mizani nane kwa kila kipande, vipande vitatu vya mwanzo vikishiriki kina kimoja na cha nne kikibeba kina kinachopita katika beti zote za utungo. Hakuna ajuaye aliyeibuni bahari hiyo kwanza, na hakuna awezaye kumshtaki mwenzake kwa kuitumia. Laiti umbo lingekuwa na mwenyewe, tusingekuwa na Mwana Kupona, wala tusingekuwa na wote waliomfuata.

Lakini mwanafunzi yeyote wa ushairi anajua kwamba bahari haimalizi maelezo ya utungo. Tenzi mbili za bahari moja zinaweza kuwa mbali kama mashariki na magharibi. Zinaweza pia kukaribiana mno, kwa uteuzi wa maneno, kwa mahali pa kituo, kwa mwendo wa ghani, hata msikilizaji akainua kichwa na kuuliza. Kinachomfanya ainue kichwa si bahari. Ni namna mtunzi huyu alivyoogelea ndani yake. Na namna hiyo, kwa sehemu kubwa, husikika tu, haisomeki.

Tukizisikiliza kazi hizi mbili kwa sikio hilo, tunapata mambo ya pande zote. Upande wa mfanano, zote mbili zinaweka mshuko ule katika gitaa linalodonolewa taratibu na peke yake, kwa mwendo unaokaribiana, katika hali ya utulivu ule ule wa kusubiri. Upande wa tofauti, katika “Stairway to Heaven” sauti ya juu hupanda huku ya chini ikishuka, na mvutano huo wa pande mbili ndio mbegu ya wimbo mzima wa dakika nane. Katika “Taurus” hakuna kupanda huko. Kipande kinabaki katika mshuko na kuridhika nao. Maoni yetu ni kwamba Led Zeppelin walitoa kazi mpya, na kwamba inawezekana kabisa juri lingefikia uamuzi ule ule hata kama lingeisikia rekodi. Lakini uamuzi uliofikiwa baada ya kusikia si sawa na uamuzi uliofikiwa kwa kuzibwa masikio, hata kama maneno yake yanafanana. Wa kwanza ni hukumu juu ya kazi. Wa pili ni hukumu juu ya stakabadhi.

Inafaa pia kukumbuka kwamba California hakushtaki alipokuwa hai. Alilizungumzia jambo hilo katika maelezo ya toleo jipya la albamu ya kwanza la mwaka 1996, lakini hakwenda mahakamani. Wengine hulitumia hilo kama ushahidi kwamba hakuwa na dai. Tunadhani ni vyema kutolisemea lolote. Ukimya wa aliyekufa si ithibati kwa upande wowote. Ndiyo maana tunahitaji sauti aliyoiacha akiwa hai.

6.0 Hati, Kumbukumbu na Kosa la Mtafiti

Wanafunzi wa maandishi ya kale ya Kiswahili wanaujua ukurasa wa aina ya nakala ya amana. Miswada ya tenzi kwa hati ya Kiarabu, kama ile iliyohifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliandikwa kwa alfabeti isiyokuwa na herufi za kutosha kwa sauti zote za Kiswahili. Irabu tano zilibanwa katika alama tatu, na konsonanti kadhaa zilishiriki herufi moja. Mtu asiyeujua utenzi hakuweza kuusoma kwa urahisi. Mtu anayeujua aliuangalia ukurasa na kukumbuka. Hati ile ilikuwa mkono wa kumshika anayekwenda njia aijuayo. Ukimpa mgeni, anapotea.

Nakala ya amana ilikuwa hati ya namna hiyo. Kwa California na wenzake ilikuwa ukumbusho, kwa sababu wimbo wenyewe ulikuwa katika vidole vyao. Mahakama iliusoma kana kwamba ndani yake mna kila kitu, na lolote lisilokuwamo halikuwahi kuwapo. Hili ni kosa la usomaji kabla ya kuwa kosa la sheria.

Sina haki ya kulisema hili kwa kiburi, kwa kuwa nami nimelifanya. Nilipokuwa nikikusanya data ya shahada ya uzamivu, nilikaa siku tatu na mzee mmoja wa pwani aliyekuwa akijua tenzi ndefu kwa moyo. Nilikuwa na kinasa sauti, lakini nilikihifadhi betri zake kwa mahojiano niliyoyaona kuwa muhimu zaidi, na tenzi nikaziandika kwa kalamu. Mzee alighani, mimi nilihesabu mizani. Nilipomsomea nilichoandika, alisikiliza kwa adabu, kisha akasema maneno yote yamo, ila huo sio utenzi wake. Niliichukua kauli hiyo kuwa ni ya uzee. Niliporudi mwaka uliofuata na betri za kutosha, alikuwa ameshazikwa. Ninazo kurasa 41 zenye vina sahihi na mizani kamili, na siwezi kumwonesha mwanafunzi wangu hata mmoja jinsi utenzi ule ulivyokuwa.

Tofauti kati yangu na mahakama ile ni kwamba rekodi ya “Taurus” ipo. Mtu yeyote anaweza kuisikiliza. Mimi nimeikosa sauti. Mahakama ilikuwa nayo, ikaiweka nje ya mlango.

7.0 Mazingatio kwa Watunga Sera

Sheria za ukanda wetu ni changa kuliko ile ya 1909, na katika baadhi ya mambo ni bora zaidi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inataka kazi iwe imeandikwa, imerekodiwa au imewekwa katika umbo lingine linaloshikika. Rekodi inatosha. Sheria ya Uganda ya mwaka 2006 inakubali umbo lolote la kushikika. Sheria ya Tanzania Bara ya mwaka 1999 inalinda kazi kwa sababu tu ya kutungwa. Kwa maandishi ya sheria, basi, California angekuwa na nafasi nzuri zaidi Nairobi, Kampala au Dar es Salaam kuliko Los Angeles.

Hata hivyo, sheria hutekelezwa na watu wenye mazoea, na mazoea yetu bado ni ya karatasi. Ubishi juu ya nani aliyetunga “Malaika”, wimbo uliorekodiwa na Fadhili William wa Kenya na ambao wengine humtaja Adam Salim wa Tanganyika kuwa mtunzi wake, umedumu kwa miongo mingi kwa sababu wimbo ulitangulia kuimbwa kabla ya kuandikishwa na yeyote. Katika mabishano ya namna hiyo, mwenye karatasi huanza akiwa mbele, na mwenye wimbo huombwa athibitishe. Tunapendekeza mambo matatu.

Kwanza, katika usajili wa kazi za muziki na ushairi, rekodi ya sauti ipewe hadhi ya nakala ya msingi, na nota au maneno yaliyoandikwa yachukuliwe kuwa kiambatisho. Pale ambapo viwili hivi vinatofautiana, sauti ndiyo iongoze.

Pili, makavazi ya vyuo vikuu na ya mashirika ya utangazaji yatambuliwe rasmi kuwa chanzo cha ushahidi. Kanda nyingi za utenzi, taarabu na muziki wa dansi zimehifadhiwa kama kumbukumbu za utamaduni tu. Zikiwekewa tarehe, jina la mtunzi na jina la mghani kwa utaratibu mmoja unaokubalika katika nchi zote za ukanda huu, zitaweza kumsemea mtunzi asiyekuwapo.

Tatu, wataalamu wa lugha na fasihi simulizi washirikishwe katika mashauri ya aina hii. Swali la wapi bahari inaishia na wapi utungo unaanzia halijibiwi na mwanasheria peke yake, wala na mwanamuziki peke yake. Ni swali ambalo taaluma yetu imelifanyia kazi kwa muda mrefu bila kuulizwa.

Pendekezo la kwanza litapingwa kwa hoja kwamba rekodi humpa mtunzi zaidi ya stahiki yake, kwa kuwa inabeba pia mchango wa mpigaji ngoma, mhandisi wa sauti na mpangaji wa muziki. Hoja hii ni nzito, na California mwenyewe ni mfano: sauti ya Spirit haiwezi kutenganishwa na mkono wa Cassidy. Lakini ugumu wa kugawa sifa si sababu ya kuziba masikio. Waamuzi wasikie kwanza, kisha wataalamu wawasaidie kutenganisha.

8.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonesha kwamba Randy California alipotezwa mara tatu. Bahari ya Molokai ilimchukua mwili. Simulizi ya kifo chake ilizifunika kazi zake kwa kuzigeuza utabiri. Sheria iliipunguza tungo yake hadi ukurasa mmoja ambao hakuukusudia kuwa kazi. Ya kwanza haikuwa na wa kulaumiwa. Mbili za mwisho zimetokana na usomaji, na usomaji unaweza kurekebishwa.

Hatudai kwamba dhamana yake ilistahili kushinda. Tunadai jambo dogo zaidi, na kwa maoni yetu ni la lazima zaidi: kwamba mtu aliyejifunza kwa sikio, akapewa jina kwa mdomo na akatunga kwa vidole, ahukumiwe kwa kusikilizwa. Katika ukanda wetu watunzi wengi ni wa namna hiyo, na wengi wao ni wazee. Kabla ya kujadili tena ubora wa nakala zetu zilizoandikwa, tuhakikishe kwamba kinasa sauti kina betri.